Mto Tana: Safari ya Maji ya Meru na Embu Mpaka Baharini

Mtu asafiriye kwa gari kutoka mjini Embu kwenda Meru huvuka mito mingi sana. Iko Ena, iko Thuci, Ruguti, Nithi, Maara na Mutonga, na katikati ya hiyo viko vijito vingine ambavyo majina yake yajulikana na wenyeji tu. Mlima u upande wa kushoto. Maji hupita chini ya daraja na kutelemka upande wa kulia, yakipotea katika mabonde yenye migomba. Abiria huyatazama kwa nukta moja, gari likapita, wakayasahau.

Lakini maji hayo yana safari ndefu kuliko ya abiria. Yote huingia katika mto mmoja, mengine baada ya kuungana njiani, nao ni Mto Tana, mrefu kuliko mito yote ya Kenya. Urefu wake wakadiriwa kuwa kilomita 1,000 hivi, nao huishia katika Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Yafaa wasomaji wetu wa Meru na Embu waufuate mto huo angalau kwa maandishi, maana mambo mengi afanyayo mkulima wa Runyenjes au wa Nkubu katika shamba lake, matokeo yake huonekana mahali ambapo yeye mwenyewe hajapata kufika.

Kwanza tuseme juu ya jina. Watu wa juu, yaani Wakikuyu na jirani zao, huuita Thagana, na kutoka hapo limekuja jina la Sagana lililoandikwa katika ramani kwa sehemu ya juu ya mto. Wapokomo wakaao karibu na pwani huuita Tsana. Wazungu wa kwanza waliusikia kutoka upande wa pwani, wakaandika Tana, na jina hilo likashika. Ni mto mmoja tu, na mtu akilitamka neno hilo polepole atasikia kwamba jina nalo ni moja.

Chimbuko lake li katika milima miwili. Upande wa magharibi ni Nyandarua, ambako hutoka Chania, Thika, Maragua, Mathioya na Gura. Upande wa mashariki ni Mlima Kenya, uitwao Kirinyaga na Waembu na Kirimaara na Wameru, wenye kimo cha mita 5,199. Kutoka ubavu wa kusini wa mlima huo hushuka Nyamindi, Thiba na Rupingazi upitao ukingoni mwa mji wa Embu. Kutoka ubavu wa mashariki hushuka mito tuliyoitaja katika barabara ya Meru, pamoja na Kathita upitao karibu na mji wa Meru na kukata nchi ya Tharaka. Milima ya Nyambene nayo huleta Thanantu, Ura na Rojewero.

Watu wengi hudhani kwamba mito hii hulishwa na theluji ya kileleni. Dhana hiyo si kweli. Barafu ya Mlima Kenya ni kidogo sana, na imezidi kupungua tangu Mackinder alipofika kileleni mwaka 1899. Maji ya mto ni mvua inyeshayo juu ya msitu. Msitu huipokea, udongo wake ulio laini kama sifongo huinywa, kisha huitoa polepole kwa miezi mingi, hata wakati wa kiangazi. Ukikata msitu, mvua itaendelea kunyesha kwa muda, lakini maji yataondoka yote siku ile ile, pamoja na udongo. Ndiyo maana mwaka 1986 serikali ilianza kupanda mashamba ya chai ya Nyayo kama ukanda kati ya wakulima na msitu, ili mtu ajue mpaka uko wapi.

Si kila tone la mlima huu lishukalo Tana. Mgongo wa mlima ndio uamuzi. Mvua inyeshayo Chogoria huenda Tana, na kwa Tana huenda baharini. Mvua inyeshayo Timau, ambako nako ni Meru, huenda kaskazini katika Ewaso Ng'iro, hupita Archer's Post na kuingia jangwani, na huishia katika kinamasi cha Lorian. Mto huo haufiki baharini isipokuwa labda katika miaka ya mafuriko makubwa, maji yake yanapopita Lorian na kuelekea upande wa Juba. Ndugu wawili wakikaa pande mbili za mlima mmoja, maji ya mmoja huonja chumvi ya bahari, na ya mwingine hunywewa na mchanga.

Tukirudi katika Tana, mto ukishakutana na mito ya Nyandarua huingia nchi ya chini na yenye joto, kati ya Mbeere upande wa kaskazini na Ukambani upande wa kusini. Hapo mto hutelemka kwa ngazi, na hapo ndipo wanadamu walipoufunga. Kwanza lilijengwa bwawa la Kindaruma, lililoanza kutoa umeme mwaka 1968. Likafuata Kamburu mwaka 1974, mahali Thiba uingiapo Tana. Kisha Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981, na Kiambere mwaka 1988. Mtu akishuka na mto hukuta kwanza Masinga, kisha Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Maji yale yale huzungusha mitambo ya kituo kimoja, yakatoka, yakazungusha ya kituo kingine, mara tano.

Masinga ndilo ghala la yote. Likijaa, ziwa lake huenea kilomita za mraba 120 hivi, nalo huweka maji ya masika ili mabwawa ya chini yawe na kazi wakati wa kiangazi. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya umeme wa Kenya ilitoka katika mabwawa haya. Siku hizi mvuke wa ardhini wa Olkaria umeshika nafasi ya kwanza, lakini mitambo ya Tana bado ni ya lazima, kwa kuwa huweza kuwashwa na kuzimwa upesi watu wanapohitaji umeme mwingi jioni. Si vibaya kukumbuka kwamba watu wengi wa Mbeere walikaa miaka mingi wakitazama nyaya zikipita juu ya vichwa vyao kwenda Nairobi, na nyumbani mwao wakawasha koroboi.

Sasa ziko shida mbili katika mabwawa haya, na zote mbili zahusu watu wa juu. Ya kwanza ni udongo. Mto unapoingia ziwani hupunguza mwendo, na mto usiokwenda mbio hauwezi kubeba mzigo. Basi hutua udongo wake chini. Udongo huo ulikuwa wa shamba la mtu. Kila mwaka sehemu ya ghala hujaa matope mahali pa maji, na hakuna njia rahisi ya kuyazoa. Makingamaji yanayochimbwa kwa kufuata mkingamo wa kilima, majani ya ng'ombe yanayopandwa ukingoni mwa matuta, na miti iliyoachwa kando ya mto, hufanya kazi ambayo mhandisi hawezi kuifanya akiwa Masinga. Kanuni za maji za mwaka 2007 ziliagiza kuacha ukingo usiolimwa wa mita 6 mpaka 30, kwa kadiri ya upana wa mto. Wako wakulima wanaozishika; wako pia walimao viazi vikuu na migomba mpaka jembe liguse maji. Ukiwauliza hujibu kwamba shamba ni dogo na watoto ni wengi, na jibu hilo si la mchezo.

Shida ya pili ni kugawana. Jiji la Nairobi halina mto mkubwa wake. Hunywa maji ya Tana, kwanza kutoka bwawa la Sasumua tangu miaka ya 1950, na tangu mwaka 1994 kutoka Ndakaini, lililo juu ya Mto Thika. Mpunga wa Mwea hunywa Thiba na Nyamindi. Mifereji ya Mwea ilianza kuchimbwa wakati wa Hali ya Hatari kwa mikono ya watu waliokuwa kizuizini, na mwaka 2022 bwawa la Thiba lilikamilishwa ili kuongeza maji yake. Meru na Embu nako, karibu kila kijito kina mabomba ya vikundi vya wakulima wanyunyiziao mboga, miraa na kahawa. Kila bomba moja ni haki na ni dogo. Lakini mto ni hesabu ya kutoa tu baada ya kuacha mlima, kama tutakavyoona.

Baada ya Kiambere mto huingia nchi ya Tharaka, ambako maporomoko ya Kibuka huanguka kati ya mawe meusi. Mahali hapo pamekuwa pakitajwa kwa miaka mingi kuwa pa kujengwa bwawa kubwa kuliko yote. Mbele kidogo mto hupita mpakani mwa Hifadhi ya Taifa ya Meru, iliyotangazwa mwaka 1966. Humo, kando ya Mto Ura, liko kaburi la simba jike Elsa aliyekufa mwaka 1961, na ng'ambo ya Tana ni Kora, ambako George Adamson aliuawa na majambazi mwaka 1989. Maporomoko ya hapo yaitwa kwa jina lake.

Karibu na hapo mto hufika karibu kabisa na mstari wa Ikweta, kisha hugeuka kuelekea kusini. Tena hapo hutokea jambo ambalo mwenye kusoma ramani hulitambua mara moja: vijito vyakoma. Kutoka mipaka ya Meru mpaka baharini, mwendo wa mamia ya kilomita, hakuna mto hata mmoja wa kudumu unaouingia Tana. Kuna malaga tu, makorongo makavu yapitishayo maji kwa saa chache baada ya mvua kubwa. Mvua ya Garissa haifiki milimita 400 kwa mwaka, na jua lake halina huruma. Mto hupoteza maji kila hatua: mengine hupanda hewani, mengine huzama mchangani. Ng'ombe wa Msomali anywaye Garissa, na ngamia wake, na muhindi wa Mpokomo, wote waishi kwa mvua iliyonyesha Meru, Embu, Kirinyaga, Murang'a na Nyeri. Mto Nile huko Misri ni vivyo hivyo, ila wetu ni mdogo, na mdogo huisha upesi.

Sehemu hii ya mto ndiyo iliyowashinda wageni wa zamani. Mwaka 1851 Krapf, mmisionari wa Rabai, alisafiri pamoja na Kivui, mfanyabiashara mkuu wa Wakamba. Karibu na Tana walishambuliwa na Kivui akauawa. Krapf alikimbia peke yake, akafika mtoni kwa kiu, na kwa kuwa hakuwa na chombo alijaza maji katika mtutu wa bunduki na katika mfuko wa darubini, akaziba kwa majani, akarudi. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi hizi, walichora mpaka kuufuata mto huu toka baharini mpaka mahali Ikweta inapokutana na nyuzi 38 za mashariki. Mahali hapo pa mkutano pako upande wetu huu, chini ya Nyambene, na hakuna hata mmoja kati ya watia sahihi aliyepata kupaona. Mwaka 1891 Dundas, afisa wa manowari za Waingereza, alipanda mto kwa chombo cha moshi kiitwacho Kenia, akitumaini kwamba Tana ingekuwa njia ya biashara ya kufikia mlima. Haikuwa. Mto una mafungu ya mchanga, magogo, viboko, na mikondo ihamayo.

Lakini Wameru wana habari ya zamani zaidi. Wazee husimulia kwamba watu wao walitoka Mbwaa, nchi ya pwani, walikotawaliwa na watu wa nguo nyekundu, wakaongozwa na Koomenjue kuvuka maji usiku na mchana. Waliovuka usiku wakawa Njiru, weusi. Waliovuka alfajiri wakawa Ndune, wekundu. Na waliovuka kukiwa kweupe wakawa Njeru, weupe. Wengi wa waliochunguza masimulizi hayo wameona kwamba njia yao ilifuata Mto Tana kuja juu. Kama ni hivyo, Wameru waliupanda mto huu kabla ya chombo chochote cha moshi.

Garissa iko mita 150 tu hivi juu ya usawa wa bahari, na bado mto una mamia ya kilomita ya kwenda. Nchi imelala kama mkeka, na mto hujikunja kama nyoka, ukila ukingo mmoja na kujenga mwingine. Wakati wa mafuriko, Aprili mpaka Juni na tena Novemba na Desemba, huweza kukata njia mpya na kuiacha ya zamani ikawa ziwa lenye umbo la upinde. Hola wanalijua jambo hilo. Mwaka 1989 mto ulihama, pampu za kunyunyizia mashamba zikabaki mahali pakavu, na wakulima wakaachwa na mifereji isiyo na maji. Ni Hola hiyo hiyo ambako tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 wa kizuizini walipigwa mpaka kufa kwa sababu walikataa kufanya kazi walizolazimishwa. Wengi wa waliowekwa katika kambi za namna hiyo walikuwa Wakikuyu, Waembu na Wameru, watu waliozaliwa juu ya mto huu huu.

Kwa Mpokomo mafuriko si adui, yakija kwa kiasi. Maji yakipanda huacha tope jipya, na yakishuka yeye hufuata nyuma akipanda mahindi, mpunga na migomba katika unyevu, na samaki hubaki katika mabwawa madogo. Misitu ya ukingoni nayo huishi kwa maji hayo, na ndani yake wako tumbili wa namna mbili, mbega mwekundu wa Tana na ngolaga wa Tana, wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Mwororma huleta ng'ombe wake mtoni wakati wa ukame. Tangu mabwawa ya juu yajengwe, mafuriko ya kawaida yamepungua nguvu. Lakini mafuriko makubwa, kama ya 1961, ya 1997 na 1998, ya 2018, na ya 2023 na 2024, bado huja. Masinga likijaa mpaka kumwagika, onyo hutolewa kwa watu wa Garissa na Tana River, nao huwa na siku chache tu za kuhamisha watoto na mbuzi. Na maji yakipungua, ugomvi wa mkulima na mfugaji huwaka: katika miezi ya mwisho ya 2012 na mwanzo wa 2013, watu zaidi ya mia moja waliuawa katika vijiji vya chini ya Garsen.

Baada ya Garsen mto hutawanyika katika delta, yaani nchi ya mabonde, vinamasi na mikondo mingi, ambayo tangu mwaka 2012 imeandikwa katika orodha ya ardhi oevu zilindwazo kwa mkataba wa mataifa uitwao Ramsar. Hapo pia mkono wa mwanadamu umepita. Katika karne ya 19 watu wa Witu walichimba mfereji uitwao Belezoni ili kuunganisha Tana na mto mdogo wa Ozi, mitumbwi ipate kupita. Mto ukaupenda mfereji, ukaupanua, ukaufanya njia yake. Mlango wake wa zamani uliokuwa kusini ukaachwa, na leo Tana huingia baharini karibu na Kipini.

Katika vijiji vya Ozi wakulima wa mpunga wana ufundi ambao mgeni hushangaa akielezwa. Bahari inapojaa, maji ya chumvi, ambayo ni mazito, husukuma na kuinua maji matamu ya mto yaliyo juu yake. Mkulima hufungua mfereji wake wakati huo, maji matamu huingia shambani bila pampu na bila senti. Bahari ikipwa, huufunga. Bahari ndiyo inyunyiziayo shamba, kwa maji ya mto.

Ufundi huo wahitaji jambo moja, nalo ni mto wenye nguvu za kutosha kuizuia chumvi chini. Katika miaka ya karibuni wakulima wa Ozi na Kipini wamelalamika kwamba, mto ukiwa mdogo, mfereji ukifunguliwa huingia maji ya bahari. Mpunga hunyauka, na migomba haivumilii chumvi hata kidogo. Siku hizi mkulima wa huko huteka maji kwa kiganja na kuyaonja kwanza, kisha ndipo aamue kama atafungua mfereji au ataungoja mto.